Kutu

Jua la Isyonje lina adabu za mwizi.
Huja limejifunika ukungu, halipigi hodi,
halina joto la kukushtua.
Wewe umejikunyata ndani ya sweta,
chai inapoa kabla hujaipuliza,
kumbe lenyewe liko shingoni mwako, linahesabu.

Mimi ni karani wa mizani hapa sokoni kwa viazi.
Naandika magunia, ya lumbesa na yasiyo ya lumbesa,
na ngozi yangu ni hii niliyozaliwa nayo,
ambayo wanunuzi huitazama mara ya pili
wakijifanya wanasoma daftari.
Mama alinishonea kofia kabla sijaota meno.
Tangu hapo sijawahi kuiona mbingu yote;
naiona mbingu iliyokatwa ukingo.

Jumanne moja akaja mtu na pikipiki,
spika kaifunga kwenye usukani kwa mpira wa ndani wa baiskeli.
"Mwili unaota kutu, mama zangu!
Unaota kutu kama bati la choo cha shule!
Humu mna karoti, mna nyanya, mna mbegu za zabibu.
Meza kimoja asubuhi,
jua likupige mpaka lichoke lenyewe!"
Akaniona. Akazima spika.
Akaja taratibu, kama mtu anayemfuata kuku wa kuchinja,
akasema, "Dada, hii ililetwa kwa ajili yako."

Elfu thelathini na tano, kopo la vidonge sitini.
Nililipa bila kuomba apunguze,
mimi ninayegombana na watu kwa nusu kilo.

Nilimeza kila alfajiri, na uji wa ulezi.
Siku ya tisa viganja vikaanza umanjano.
Gwamaka mpakiaji akanishika mkono, akaugeuza, akacheka:
"Tusekile, unaiva!"
Nami nikacheka, maana sikuwahi kuambiwa hivyo
na mtu asiyekuwa na nia ya kuniumiza.

Siku ya kumi na mbili niliiacha kofia msumarini.

Hili nitalisema polepole.
Upepo unaoshuka kutoka Uporoto una vidole.
Miaka thelathini na mmoja naishi nao
sikuwa najua. Uliingia nyweleni,
ukanifumua kama dada mkubwa siku ya Jumamosi.
Niliuona mlima mpaka kileleni bila kuinua kidevu.
Niliandika magunia mia moja na nne
na mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku ile,
daftari lipo, njoo uone.

Usiku shingo ikadai deni lake.
Masikio yakavimba kama maandazi.
Asubuhi mto wa kulalia ulibanduka na ngozi,
na kwenye foronya pakabaki ramani ya nchi nisiyoijua.

Nesi Anyitike hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.
Alilinusa kopo, akalisoma upande hadi upande, akauliza,
"Nyumbani kwenu mmeezeka bati?"
Bati.
"Likianza kutu, mnalilisha au mnalipaka?"
Nikanyamaza.
"Karoti ni chakula. Kula, ni nzuri.
Lakini jua halipitii tumboni, mdogo wangu,"
akanipa losheni, tyubu mbili, nisaini hapa,
ya mwezi ujao haijulikani kama italetwa.

Nimerudi mizani. Kofia imerudi kichwani,
mikono ya blauzi imerudi mpaka vidoleni.
Kopo nimelipangia kazi ya kutunza vifungo.
Yule mtu alipita tena Jumanne iliyofuata,
aliponiona na bandeji akaongeza mwendo,
spika ikaruka tuta ikiwa inasema kutu, kutu, kutu.

Vidonge vilivyobaki niliwamwagia kuku.
Vyote isipokuwa viwili.
Viwili viko chini ya vifungo, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari,
na siku za ukungu mzito, soko likiwa kimya,
huwa nalitikisa kopo kidogo karibu na sikio
nisikie kipi ni kifungo, kipi sicho.